Dondoo muhimu: Kuifufua Land Rover ya zamani nyumbani

Mwenye Land Rover ya Series iliyolala uani Rudewa asidanganywe na bodi. Sehemu kubwa ya bodi ni aluminiamu, haishiki kutu. Chesisi ni chuma, na tope la masika ya Kilosa lililoganda ndani yake huitafuna taratibu. Aigonge yote kwa nyundo ndogo: panapolia vizuri ni pazima, panapobonyea panahitaji kuchomelewa. Kazi hii itangulie injini, rangi na viti.

Kabla ya kuchomelea, betri ing'olewe. Wakati wa kuirudisha akumbuke kuwa Series II nyingi za kabla ya 1967 zilifungwa chanya kwenye bodi, si hasi. Anayeunganisha betri kwa mazoea anaweza kuunguza mfumo wa kuchaji.

Asiingie chini ya gari kwa kutegemea jeki pekee. Aweke stendi imara za chuma.

Bolti zilizogoma zilowekwe mafuta usiku kucha. Mipira ya breki ibadilishwe yote, hata inayoonekana mizima, maana hukakamaa gari likikaa miaka bila kutembea. Vipuri hupatikana Gerezani, Dar es Salaam. Abebe kile kibovu, akilinganishe na kipya kabla ya kulipa.