Dini na Tamasha la Michezo katika Katuni: Mfano wa The Simpsons

Tarehe 6 Februari, 2005, mara baada ya Super Bowl, yaani fainali ya kandanda ya Kimarekani, kituo cha televisheni cha Fox kilionyesha kipindi cha katuni za The Simpsons kiitwacho “Homer and Ned's Hail Mary Pass”. Jina lenyewe lina tashtiti. Hail Mary ni sala ambayo Wakatoliki wasemao Kiswahili huiita Salamu Maria. Huko Marekani, hasa tangu Roger Staubach aitaje baada ya mechi ya tarehe 28 Desemba, 1975, ni jina pia la pasi ndefu ya kubahatisha, irushwayo mchezo unapokaribia kwisha. Hapa mfasiri wa Kiswahili hukwama: Salamu Maria ingali sala tu, haijashuka uwanjani.

Katika kisa hiki Homer huwafundisha wanamichezo mashuhuri mbwembwe za kushangilia ushindi. Jirani yake Ned Flanders, Mkristo mwenye bidii isiyo kifani, hutengeneza filamu za visa vya Biblia. Wawili hao huungana kuandaa onyesho la wakati wa mapumziko ya fainali, nalo ni kisa cha Nuhu na gharika. Watazamaji huchukizwa kwa kuhubiriwa.

Kinaya hicho chatokana na tukio la kweli. Tarehe 1 Februari, 2004, mjini Houston, titi la mwanamuziki Janet Jackson lilifunuliwa katika onyesho kama hilo; kituo cha CBS kikatozwa faini ya dola 550,000, ambayo baadaye mahakama iliitengua. Katuni imeigeuza kashfa hiyo: kinachotia watu kinyaa sasa ni utakatifu.

Ni rahisi kudai kwamba wanaosutwa ni mashabiki peke yao. Usomaji huo hautoshi. Filamu za Ned zimejaa damu tangu mwanzo, hata Marge, mke wa Homer, akazipinga. Dini, basi, ilikwisha kuazima vitisho na vishindo vya tamasha kabla haijakanyaga uwanjani, na mlio wa kuzomea unamfikia Ned pia.

Hata hivyo tashtiti hii ina mipaka. Fox ndiyo iliyotangaza fainali yenyewe mwaka huo. Waliokejeliwa walibakizwa mbele ya televisheni zao kwa kejeli hiyohiyo, ikikatizwa na matangazo ya biashara.