Wasia wa Aliyesilimu

Njia ya zamani ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikaishia Ujiji ziwani. Wapagazi wa Kinyamwezi walishusha pembe pwani na kupandisha nguo na shanga bara, na safari moja ilichukua miezi. Wafanyabiashara wa pwani walijenga Unyanyembe na kuoa huko. Muhammad bin Juma, baba yake Tippu Tip, alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira. Mtu wa namna hiyo alikuwa na jamaa huku na jamaa kule, deni kwa huyu na amana kwa yule. Akifa, mali yake igawanywe kwa sheria ya nani?

Misafara ilikwisha, reli ikafika Tabora mwaka 1912, lakini swali hilo halikuondoka. Lawahusu hasa ninyi mlioingia katika Uislamu mkiwa watu wazima.

Tuchukue mfano wa ndugu wa Ng'ambo, hapa Tabora. Alibatizwa John, akasilimu akaitwa Yahya. Ana mke, watoto wawili, nyumba ya matofali, na shamba la tumbaku Urambo. Mama yake yu hai, naye ni Mkristo. Siku akifa bila kuacha maandishi, kaka zake watasema kwamba ndugu yao ni wa ukoo na mali irudi kwenye ukoo. Mjane atasema kwamba mumewe alikuwa Mwislamu. Mahakama za Tanzania Bara hazitazami jina tu. Hutazama jinsi marehemu alivyoishi na nia aliyoionyesha katika uhai wake. Na nia isiyoandikwa ni vigumu kuithibitisha mbele ya kaka watatu wenye hasira.

Tofauti si ndogo. Kwa kanuni za mila zilizotangazwa na Serikali mwaka 1963, mjane hana fungu katika urithi ikiwa mumewe ameacha jamaa wa ukoo wake; atunzwe na watoto wake. Kwa sheria ya Kiislamu hupata thumuni ikiwa marehemu ameacha watoto, na robo ikiwa hakuacha. Wako wanaotuambia kwamba thumuni ni haba. Basi na wailinganishe na mikono mitupu! Tena mali aliyoichuma mke mwenyewe ni yake, wala haiingii katika urithi wa mumewe.

Na yule mama? Kwa rai ya wanazuoni walio wengi, asiye Mwislamu hamrithi Mwislamu. Wengi waliosilimu hushtuka wasikiapo hayo, wakadhani dini imewatenga na waliowazaa. Sivyo. Kurani Tukufu yataja wasia kwa wazazi na jamaa, na Mwislamu aweza kuusia hadi theluthi moja ya mali yake kwa wasio warithi wake. Mlango wa mama ni huo, lakini haufunguki usipoandika. Mtume Mtukufu s.a.w. alifundisha kwamba mwenye kitu cha kuusia asilale siku mbili pasipo wasia wake ulioandikwa.

Andika basi kwa maneno wazi kwamba wewe ni Mwislamu na wataka mirathi yako ifuate sheria ya Kiislamu. Taja mali na mahali ilipo. Taja madeni, pamoja na mahari usiyoimaliza, maana mahari ni deni, nayo hulipwa kabla ya mgawo. Weka mashahidi wanaojua kusoma, wasiopata kitu katika wasia huo. RITA, wakala wa Serikali wa usajili, hupokea na kuhifadhi wasia. Na ikiwa daftari la chama cha wakulima wa tumbaku lasema John na cheti cha ndoa chasema Yahya, mwone wakili sasa, ungali hai wa kueleza kwamba hao wawili ni mtu mmoja.

Baada ya mazishi jamaa hukutana, humpendekeza msimamizi wa mirathi, naye huomba uteuzi katika Mahakama ya Mwanzo ya mahali marehemu alipoishi. Hapa watu wengi hukosea: msimamizi si mrithi wa vyote! Kazi yake ni kukusanya, kulipa madeni na kugawa, na katika miezi minne yampasa kupeleka mahakamani orodha ya mali na hesabu. Akinyamaza, warithi waweza kumshtaki mahakama ile ile na kuomba aondolewe.

Usingoje ikiwa ndoa yako inakanwa, au sheria ya marehemu inabishaniwa, au nyumba yatafutiwa mnunuzi kabla ya mgawo, au waambiwa utie dole gumba katika karatasi usiyosomewa. Asiye na fedha ya wakili amtafute msaidizi wa kisheria, anayetambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, asiyetoza ada. Ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri itakuelekeza. Chukua cheti cha kifo, cheti cha ndoa na wasia. Vivuli uwaachie; vyeti vyenyewe urudi navyo nyumbani.