Je, kura ya maoni ya jimbo hubadili Katiba?

Swali: Mwaka 2021 wananchi wa Alberta, Kanada, walipiga kura kutaka malipo ya kusawazisha mapato ya majimbo yaondolewe kwenye Katiba. Walioafiki walishinda. Mbona kifungu cha malipo hayo kingali kipo?

Jibu: Kwa sababu kura ile peke yake haina nguvu ya kurekebisha Katiba. Takriban asilimia 62 waliunga mkono kufutwa kwa kifungu cha 36(2), lakini Katiba ya mwaka 1982 inadai zaidi: maazimio ya Bunge la shirikisho na ya mabunge ya majimbo yasiyopungua 7 kati ya 10, yenye angalau nusu ya wakazi wa majimbo yote.

Hata hivyo, kura si kazi bure. Bunge la jimbo lina haki ya kuanzisha mchakato wa marekebisho, na kura hulipatia bunge hilo uzito wa kisiasa. Mwaka 1998, kuhusu jimbo la Quebec, Mahakama ya Juu ya Kanada ilisema kuwa wingi ulio wazi, kwa swali lililo wazi la kujitenga, ungezilazimu pande zote kujadiliana. Kujadiliana tu, si kukubali. Kupiga hodi si kuingia.