Okidi za Miombo: Kwa Nini Hufa Zikihamishwa

Apitaye Kaliua mwishoni mwa kiangazi, pale Reli ya Kati inapogawanyika kwenda Kigoma na Mpanda, huweza kudhani kuwa msitu wa miombo umekufa. Chini ni majivu, juu ni matawi makavu. Lakini mvua za kwanza zikaribiapo, bua refu huchomoza ardhini likiwa na maua ya zambarau, na majani yake bado hayajakunjuka. Hiyo ni *Eulophia cucullata*, mojawapo ya okidi za ardhini za Afrika.

Maua ya nchi hii yaliwavutia wageni tangu zamani. Mwaka 1861 James Augustus Grant, aliyefuatana na Speke, alifika Kaze, karibu na mji wa Tabora wa leo, kwa njia ya misafara itokayo pwani. Katika safari hiyo alikusanya mimea mingi, akaikausha na kuipeleka Uingereza. Mmea mkavu husafiri vizuri. Mmea hai ni jambo jingine.

Anayechimba okidi na kuipanda bustanini kwa kawaida huimwagilia mwaka mzima, na hapo ndipo huiua. Jamii za *Habenaria*, *Satyrium* na *Disa* hujificha katika kiazi wakati wa kiangazi. Kiazi kilicholala kikilowa huoza. Wengine huona mmea ukichanua mwaka wa kwanza, wakafurahi, kumbe unakula akiba yake tu.

Mbegu ni fumbo kubwa zaidi. Tunda moja laweza kuwa na maelfu ya mbegu, pengine zaidi ya milioni, nyepesi kama vumbi. Mbegu ya haragwe hubeba chakula cha mche. Ya okidi haibebi karibu chochote. Mwaka 1899 Mfaransa Noël Bernard aligundua kwamba mbegu hizo huota zinapoingiwa na kuvu wa udongoni, ambao huzilisha. Mwaka 1922 Lewis Knudson wa Marekani aliziotesha bila kuvu, ndani ya chupa safi yenye sukari na chumvichumvi. Kwa njia hiyo biashara ya okidi ilipanuka, ingawa okidi nyingi za ardhini bado ni wakaidi.

Kwa hiyo anayefyeka miombo ili kulima tumbaku, au kukata kuni za kuikaushia, huondoa pia udongo na kivuli ambamo ushirika huo huishi. Nyanda za Juu Kusini zina tatizo lao: viazi vya okidi huchimbwa na kuuzwa Zambia, vitengenezwe chakula kiitwacho chikanda. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, maarufu kwa maua, ilianzishwa mwaka 2005.

Shule yaweza kuchunguza bila kung'oa mmea hata mmoja. Tunda lililokomaa likianza kupasuka, mbegu chache hutiwa katika kifuko cha kitambaa chenye matundu madogo sana, kuvu wapite lakini mbegu zisitoke. Vifuko kadhaa huzikwa sentimita chache ardhini karibu na mmea mzazi, na vingine mbali nao, kila kimoja kikiwekewa alama. Baada ya msimu wa mvua hufukuliwa na kutazamwa kwa hadubini. Mbegu iliyokutana na kuvu wake huwa imevimba, kipande cheupe kisicho na mzizi wala jani. Idadi katika vifuko vya karibu hulinganishwa na ile ya vifuko vya mbali.