Tuzo za Uandishi: Nani Anamlipa Nani?

Kabla ya kutuma muswada shindanoni, uliza fedha za tuzo zinatoka wapi. Tuzo ya Hadithi Fupi ya Jumuiya ya Madola haitozi ada. Hupokea hata hadithi za Kiswahili, za maneno 2,000 hadi 5,000, na mshindi wa kanda amekuwa akipewa pauni 2,500. Raia wa Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kushiriki. Wa Burundi na Kongo hawawezi, kwa kuwa nchi zao si wanachama.

Si kila ada ni ulaghai, ila mwandaaji asiyejulikana anayetaka ulipe kwanza hastahili kuaminiwa upesi. Hila mbaya zaidi ni ya kukupongeza kwa ushindi, kisha kudai “gharama za kutuma zawadi” kwa simu. Usitume chochote.

Lipo pia shindano la bure lenye gharama kubwa: lile ambalo masharti yake hufanya kila muswada uliopokelewa, hata usioshinda, kuwa mali ya mwandaaji. Mwandishi hugundua jambo hilo anapotaka kuchapisha hadithi yake mwenyewe. Kitafute kipengele cha hakimiliki, ukisome chote, na uhifadhi nakala ya masharti kama yalivyokuwa siku uliyotuma.