SOMO: CHAKULA CHA MTU ANAYEJIZOEZA MBIO NDEFU

Soma kwanza: 1 Wakorinto 9:24-27

Mtume Paulo aliwaandikia Wakorinto juu ya watu wanaoshindana mbio. Wao walielewa upesi, kwa sababu michezo ya namna hiyo ilifanyika Isthmia, karibu na mji wao. Paulo aliwaonyesha kwamba mshindanaji huutawala mwili wake. Basi, kijana anayejizoeza mbio za kilometa 10 au 20 aanze kujitawala kwenye sahani.

Vijana wengi hula bugali peke yake kwa miezi mingi. Halafu, siku ya mashindano ikikaribia, hutafuta nyama au sindano ya nguvu. Hilo ni kosa. Nyama ya siku moja haijengi mwili, wala sindano haichukui mahali pa chakula. Mwili hujengwa kidogo kidogo, kila siku, kwa aina tatu za chakula.

1. Chakula cha kutia nguvu
Ni bugali wa muhogo au wa muhindi, mchele, viazi vitamu, makemba na mafuta ya mawese. Chakula hiki ni kama kuni za moto. Mwili huweka akiba katika misuli na katika ini, lakini ukikimbia kwa nguvu saa moja na nusu au mbili, akiba huelekea kwisha. Kwa hiyo siku za mbio ndefu ongeza chakula hiki. Kula saa tatu hivi kabla ya kukimbia, ili tumbo lisiwe zito.

2. Chakula cha kujenga mwili
Ni maharagi, karanga, soya, ndakala na samaki wengine, mayai, maziwa na nyama. Mbio huumiza misuli kidogo, na chakula hiki huitengeneza. Gramu 100 za unga wa muhogo hazina hata gramu 3 za protini, lakini gramu 100 za maharagi makavu zina zaidi ya gramu 20. Kwa hiyo bugali bila maharagi au samaki hautoshi.

3. Chakula cha kulinda mwili
Ni sombe, lengalenga, matembele, papai, chungwa na limau. Majani husaidia damu. Tunda au limau pamoja na chakula husaidia mwili kupokea chuma kilichomo katika majani. Chai huzuia, basi inywe baadaye. Mkimbiaji akichoka upesi, na ndani ya kope zake kukiwa kweupe, aende dispanseri wapime damu. Labda ana malaria au minyoo.

Maji
Kunywa maji safi yaliyochemshwa kila unapoona kiu. Usijilazimishe kunywa mengi mno, maana hilo nalo lina hatari.

HATARI YA MUHOGO MCHUNGU

Mwaka 1938 daktari Trolli aliandika habari za ugonjwa wa Kwango uitwao konzo. Kwa Kiyaka jina hilo lina maana ya miguu iliyofungwa. Mtu alikuwa mzima, na ghafula miguu yake inakaza, naye hawezi kutembea vizuri tena. Ulemavu huo hauponi. Mara nyingi huanza baada ya safari ndefu ya miguu au kazi nzito.

Sababu zake ni mbili pamoja: sumu ya muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, na upungufu wa chakula cha kujenga mwili. Mwili huhitaji chakula hicho, hasa samaki, mayai na nyama, ili uiondoe sumu. Basi menya muhogo, uuloweke siku tatu kamili mpaka ulainike, kisha uanike juani. Hata wakati wa njaa, usipunguze siku hizo.

Sasa angalia jambo hili. Konzo huwapata hasa wanawake na watoto. Mama anayekwenda shambani na kurudi na mzigo wa kuni kichwani, yeye naye ana mbio zake, tena hazina siku ya kupumzika. Na mtoto mdogo anayepewa bugali tu huweza kuvimba miguu na nywele zake kugeuka rangi. Huo ni kwashiorkor. Kijana akichukua samaki wote kwa sababu anajizoeza, amejenga misuli yake kwa sehemu ya mdogo wake. Samaki wagawanywe kwa wote, na kijana aongeze maharagi na karanga. Akilima mstari mmoja wa karanga kwa mikono yake, ni vema zaidi.

Ndugu, mwili wako ni hekalu la Roho Mtakatifu. Mwili wa mama yako na wa mdogo wako ni vilevile.

MAULIZO
1. Taja aina tatu za chakula. Jana ulikula zipi?
2. Kwa nini nyama ya siku moja haitoshi?
3. Muhogo mchungu ulowekwe siku ngapi?
4. Nyumbani kwenu, nani hupata samaki wa mwisho?