Dondoo muhimu: Itetemia na Kwihara kwa miguu au baiskeli

Itetemia, makao ya watemi wa Unyanyembe, na Kwihara, alikokaa Livingstone mwaka 1872, ziko jirani na mji wa Tabora, na huonekana vizuri zaidi kwa miguu au kwa baiskeli.

1. Nenda kati ya Mei na Oktoba. Mvua za Novemba hadi Aprili hujaza njia matope.

2. Ondoka alfajiri na maji ya kutosha. Septemba na Oktoba, jua la saa nne tayari ni kali.

3. Kagua breki na matairi kabla ya kulipia baiskeli ya kukodi. Beba pampu, viraka na gundi, maana miiba ni mingi.

4. Salimia kwanza, uliza njia baadaye. Asubuhi, "Mwangaluka" hufungua mazungumzo.

5. Pita kwa mwenyekiti wa mtaa kuomba ruhusa. Makaburi ya watemi ni ya ukoo wao. Usiyasogelee wala kuyapiga picha bila ruhusa.

6. Kwenye tembe la Kwihara, nyumba alimokaa Livingstone, wengi hukosea kwa kuuliza habari za Livingstone na Stanley tu. Uliza pia habari za wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo, na za Mtemi Isike wa Unyanyembe, aliyelipua baruti ngomeni mwake Januari 1893 ili asikamatwe na Wajerumani. Historia hiyo ni ya wenyeji kwanza.

7. Usiokote kigae wala ushanga wa kale.

8. Nunua asali ya Tabora kwa wenyeji. Onja kabla ya kulipa.